Zamu ya usingizi: siku kumi na mbili mwambao wa Ziwa Tanganyika

Siku ya kwanza, Jumatatu

Boti ilikuwa iondoke Ujiji saa nane mchana. Iling'oa nanga saa kumi na moja jioni. Boti za mwambao huu zinafuata mzigo, hazifuati saa, na mzigo wa leo ulikuwa saruji, kreti za soda, magodoro na mabati ya mtu anayejenga kwao. Mimi nilikuwa na maboksi mawili ya dawa na deli moja la barafu, na deli hilo sikuliachia mkono. Ndani mlikuwa na chupa nne za damu kundi O na boksi la oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ili mama asivuje damu. Damu ikiwa safarini haitakiwi kupita nyuzijoto 10. Oksitosini inataka kukaa kati ya 2 na 8. Ikikaa kwenye joto siku nyingi nguvu yake inaisha, mama anachomwa sindano isiyofanya kitu, na kila mtu chumbani anaamini imefanya.

"Mama, samaki gani hao wanaochunguliwa kila saa?" nahodha aliniuliza.

Nikamwambia ni damu, ya akina mama wa kujifungua. Hakusema neno. Alimwita kijana wake, wakasogeza magunia, deli likakaa chini ya miguu yake palipo na kivuli. Usiku nilipozinduka nilikuta amelifunika turubai ili mawimbi yasilifikie.

Niandike kinachonipeleka. Kituo cha afya ninakokwenda kina chumba cha upasuaji, kimejengwa vizuri, na kina daktari mmoja anayejua kupasua. Kina nesi mmoja tu aliyesomea dawa za usingizi. Nesi huyo ana mimba ya miezi tisa na ameingia likizo yake ya uzazi, siku 84, haki yake kisheria. Akitoka yeye, thieta imefungwa. Kufuli haliwekwi mlangoni, taa inawaka, visu vimechemshwa, daktari amesimama pale pale, lakini hakuna wa kumlaza mama asisikie maumivu na kumlinda asikate pumzi wakati mwenzake anafanya kazi tumboni. Kwa hiyo mkoa umepanga sisi watu wa usingizi twende kwa zamu. Zamu ya kwanza ni yangu.

Siku ya pili, Jumanne

Tulifika kunapambazuka. Hakuna gati, vijana wanaingia majini hadi kiunoni na kubeba watu na mizigo mabegani. Deli lilitangulia kichwani mwa kijana wa nahodha, mimi nikafuata na kitenge nimekikunja hadi magotini. Milima ya Mahale ilikuwa imejitanda ukungu kama jikoni asubuhi.

Daktari alikuwa ufukweni ananisubiri. "Shikamoo dada. Umetuletea usingizi?"

"Marahaba Dokta. Nimeuleta, na damu kidogo."

Ni daktari msaidizi, wale waliosomea uganga, wakafanya kazi vijijini miaka, kisha wakarudi chuo kuongezewa upasuaji. Tanzania ilianza kuwaandaa watu hawa 1963, na kwa miaka mingi akina mama wengi wa vijijini waliopasuliwa wamepasuliwa na mikono yao. Kuna watu mjini wanaokunja uso wakisikia hivyo. Nawaambia kuna utafiti uliochapishwa 2009, uliopitia upasuaji wa uzazi zaidi ya 1,000 katika hospitali za Mwanza na Kigoma: kati ya madaktari wasaidizi na madaktari wa shahada haikuonekana tofauti ya maana kwenye vifo wala kwenye madhara. Mimi nimesimama upande wa kichwa cha mgonjwa miaka kumi na sita, nikitazama mikono ya wote wawili juu ya pazia. Mkono mzuri ni ule uliofanya kazi nyingi na ukasimamiwa vizuri.

Mchana kutwa tulikagua. Mashine ya usingizi ipo, imefunikwa shuka safi, inadai mitungi ya gesi ambayo hapa haifiki. Nikaifunika tena. Konsentreta ya oksijeni inatoa lita tano kwa dakika, lakini ikikosa umeme inakuwa stuli. Betri za sola zinawasha taa na kuchaji vitu vidogo. Jenereta ina dizeli ya kutosha, fundi anasema, "kama haitasumbua." Kinyonya damu ni cha kukanyaga kwa mguu, na hicho nilikifurahia, kwa sababu mguu haukatiki umeme. Oksimita yangu ya kidoleni, ya kupima oksijeni ya damu na mapigo, nimekuja nayo. Dawa ya ganzi ya mgongoni ninayo ya watu ishirini. Ketamini, ya kumlaza mtu kabisa, ipo.

Damu tuliiweka kwenye jokofu la chanjo, rafu yake peke yake, nikamwomba mtu wa maabara aandike kwenye mlango: chupa 4.

Siku ya tatu, Jumatano

Saa nne usiku walimleta binti wa miaka kumi na minane, mimba ya kwanza. Uchungu ulimwanza juzi alfajiri. Kijijini kwao mhudumu wa afya ya jamii alipanda kilimani penye mtandao, akapiga 115, ile namba ya bure ya M-Mama, mpango wa usafiri wa dharura wa wajawazito, ndipo ikapatikana boti yenye injini. Kabla ya hapo walikuwa wanapiga kasia.

Mkunga alimpima, akatoka akavua glavu, akasema kwa sauti ya chini: njia imefunguka yote, kichwa kimekwama juu, kimevimba na mifupa imepandana, mkojo una damu. Nilimwinamia binti nikaona tumbo lake limejikata katikati kama kibuyu. Wanaofanya kazi hii wanalijua tumbo hilo. Sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi imevutwa hadi ikawa nyembamba, na kinachobaki ni kupasuka.

Alikuwa ameketi pembeni mwa kitanda, mkunga kamshika mabega, mimi nyuma yake natafuta nafasi kati ya pingili za mgongo.

"Jikunje mwanangu, kidevu kifuani. Utasikia kama umeumwa na mdudu. Usiruke."

"Mama, nitakufa?"

"Niko hapa. Nikimaliza mgongoni nakuja kichwani kwako, sitoki."

Maji ya uti yalitoka meupe, tone, tone. Nikaingiza dawa, tukamlaza haraka, nikamwekea khanga iliyokunjwa chini ya nyonga ya kulia ili mfuko wa uzazi usikandamize mshipa mkubwa. Presha ikashuka kutoka 118 hadi 84, kama ninavyoitarajia na kama ninavyoiogopa kila mara. Efedrini kidogo ya kuipandisha, maji mbio, miguu juu. Ikarudi 102. Nikampitishia pamba ya spiriti tumboni: "Hapa baridi?" Hapana. "Hapa?" Hapana. Nikamwitikia Daktari kwa kichwa.

Mtoto alikuwa amebana kiasi kwamba mkunga ilibidi aingie chini ya shuka, asukume kichwa kwa vidole kutoka njiani huku Daktari anavuta kutoka juu. Alitoka amelegea, rangi ya majivu. Kimya. Binti alinitazama mimi, si mtoto, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu na macho yake. Nesi wa pili alimkausha, akamsugua mgongo, akaweka ambu, ule mfuko wa kupulizia pumzi kwa mkono, usoni na kuanza kumpulizia pumzi, akihesabu kwa sauti. Sijui mkono wangu ulikuwa umemshika binti kwa nguvu kiasi gani. Mtoto alikohoa, kisha akalia, kilio kidogo cha hasira.

Tangu uamuzi wa kupasua hadi mtoto kutoka zilipita dakika 52. Mwongozo tunaosomeshwa ni 30. Nimeandika 52 kwenye daftari, na pembeni zilikokwenda: jenereta 11, kumwamsha nesi wa pili nyumbani kwake 9, presha 4, na zilizobaki ndizo za kazi yenyewe.

Mpira wa mkojo hatuutoi kesho. Utakaa wiki mbili. Kichwa cha mtoto kimekandamiza kibofu muda mrefu, na kibofu kisipopumzishwa kinaweza kutoboka, akaanza kuvuja mkojo. Namfahamu mama mmoja aliyeishi na fistula miaka tisa kabla ya kushonwa. Binti huyu hataki kukaa wiki mbili hapa. Nimemwambia mama mkwe wake, aliyekuja naye, kwamba mpira ukitoka kabla nitakuwa na ugomvi naye mimi mwenyewe, na yeye ameniapia.

Siku ya nne, Alhamisi

Watoto wawili wamezaliwa bila msaada wangu, na hiyo ndiyo siku njema ya mtu wa usingizi. Mkunga alinionyesha mfuko wa plastiki wenye mistari anaoutandika chini ya mama baada ya kuzaa: damu ikigusa mstari wa 500 hakuna mjadala tena, anakanda tumbo, oksitosini, dawa ya kugandisha, dripu, ukaguzi wa njia, vyote kwa pamoja. Njia hiyo ilijaribiwa Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania, matokeo yakatoka 2023: kuvuja damu kubaya, pamoja na upasuaji na vifo vinavyotokana nako, kulipungua kwa asilimia 60. Zamani tulikadiria kwa jicho, na jicho hupunja. Zaidi ya mama mmoja amefika kwangu akiwa mweupe kama karatasi kwa sababu mtu aliona damu ikaonekana kidogo.

Jioni migebuka ya kuchoma na ugali wa muhogo. Upepo wa kusi umeanza.

Siku ya tano, Ijumaa

Kusi limevuma kutwa na hakuna boti iliyotia pua. Ziwa likiwa hivi, mtu anayeumwa kijiji cha tatu kutoka hapa ni kama yuko nchi nyingine. Tulikaa barazani tunakunja gozi, vitambaa vya kufutia damu.

Nesi kijana aliniuliza upasuaji wa kuzalisha uliletwa na nani, Wajerumani au Waingereza. Nikamsimulia ya Bunyoro. Mwaka 1879 mmisionari Mwingereza wa tiba, Robert Felkin, akiwa Kahura katika nchi ambayo leo ni Uganda, alimwona mganga wa huko akimpasua mwanamke wa miaka kama ishirini aliyeshindwa kujifungua mimba yake ya kwanza. Felkin aliyaandika 1884. Mwanamke alinyweshwa pombe ya ndizi hadi akalegea. Mganga alinawa mikono kwa pombe hiyo hiyo, akaliosha nayo tumbo, akakata kwa kisu kutoka chini hadi karibu na kitovu. Palipovuja damu paliguswa kwa chuma cha moto. Mtoto akatolewa, mfuko wa uzazi ukakandwa hadi ukajikaza, na jeraha likafungwa kwa sindano saba za chuma zilizosuguliwa vizuri, zikazungushiwa nyuzi za gome la mti, juu yake dawa ya mizizi iliyotafunwa na jani la mgomba lililopashwa moto. Siku ya kumi na moja lilikuwa limefunga.

Kijana akanyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo walikuwa na mtu wa usingizi."

Walikuwa naye. Hapo ndipo ninapopapenda katika habari ile. Aliyemnywesha pombe alianza kabla ya mwenye kisu. Watu wale hawakukata kwanza halafu wakafikiria maumivu.

Leo nina dawa bora kuliko pombe ya ndizi, lakini nisijidanganye. Utafiti mmoja uliofuatilia upasuaji wa kujifungua katika nchi 22 za Afrika, ukachapishwa 2019, ulikuta akina mama wapatao 5 katika kila 1,000 wanafariki, mara 50 ya nchi tajiri. Na miongoni mwa mambo yaliyokwenda pamoja na vifo vile, kando ya kuvuja damu na mfuko kupasuka, yalitajwa matatizo ya usingizi. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Inanihusu mimi.

Siku ya sita, Jumamosi

Saa tisa usiku. Mama wa watoto watano, uchungu tangu asubuhi ya jana. Walimpa dawa ya mizizi ya kuongeza uchungu, na ukaongezeka kweli; kisha kwa ghafla ukakoma. Familia ikashukuru kwamba amepata nafuu.

Uchungu haukomi hivyo kwa heri. Tulipompokea, presha ya juu 60, mapigo 148, midomo mikavu. Mtoto alikuwa anashikika chini ya ngozi ya tumbo kama unavyomshika kiumbe ndani ya gunia, na moyo wake ulikuwa umesimama. Mfuko wa uzazi umepasuka.

Mume alikuwa ziwani anavua dagaa. Ndugu wakasema asubiriwe, yeye ndiye wa kuweka sahihi. Daktari aliwajibu kwa upole lakini bila kupepesa: mama ni mtu mzima, ana akili zake, sahihi ni yake. Nikamwinamia, nikamweleza kwa maneno machache kwamba mtoto ametutangulia, kwamba yeye anavuja ndani, kwamba huenda tukatoa kizazi ili abaki na hawa watano. Aliinua kidole gumba mwenyewe kabla sijamletea wino.

Sindano ya mgongoni kwa mtu aliyepungukiwa damu hivi ni kumuua. Mishipa inalegea na kilichobaki cha presha kinaondoka. Hapa ni ketamini, dawa iliyotengenezwa 1962 na ambayo nchi maskini isingepasua watu bila hiyo, maana kwa kawaida inaacha mgonjwa apumue mwenyewe na inasaidia presha badala ya kuiangusha. Nilimpa nusu ya kipimo. Macho yalibaki wazi yakitazama mahali ambapo sisi hatupaoni.

Daktari akafungua tumbo, damu ikamwagika hadi kwenye viatu. Dakika ishirini baadaye jenereta ilikohoa, ikazima.

Taa za sola zilibaki, dhaifu. Konsentreta ikanyamaza. Nesi kijana akawasha tochi ya simu, akapanda juu ya stuli, akaishika hapo bila kuteremsha mkono muda wote uliobaki. Mlinzi tuliyemwita kukanyaga kinyonya damu alikanyaga huku anaomba dua. Mimi nilikuwa na ambu mkononi, kidole changu kingine shingoni mwa mama, kwa sababu oksimita imeishiwa cha kusoma, na nilikuwa nasema mapigo kwa sauti ili Daktari asikie kwamba bado tunaye. Akatoa kizazi kwa mwanga huo. Sijui nimwelezeeje. Alikuwa anaita kila mshipa kabla ya kuufunga, kama mtu anayewahesabu watoto wake sokoni.

Chupa zote nne zilikwenda kwake. Mtu wa maabara akapima ndugu mlangoni, akapata wawili wa kundi lake, akawatoa damu pale pale na kuipima. Chupa sita kwa jumla.

Kulipokucha presha ilikuwa 96.

Siku ya saba, Jumapili

Amekunywa uji. Mume amefika na ndoo ya dagaa, ameiweka mlangoni mwa thieta, amekaa chini kando yake bila kuongea. Mtoto wamemzika jioni.

Fundi ameisafisha jenereta. Yalikuwa maji kwenye dizeli. Kwenye mlango wa jokofu mtu wa maabara amefuta 4, ameandika 0.

Siku ya nane, Jumatatu

Saa mbili asubuhi tuliitwa ufukweni. Mama alikuwa amejifungulia nyumbani usiku wa Jumamosi, kondo la nyuma halikutoka. Wakasubiri upepo utulie. Waliondoka mara tu ziwa liliporuhusu, hawakuzembea hata kidogo, na mtoto wao mzima alikuwa kifuani mwa bibi yake. Nilipiga magoti mchangani nikamtafuta mapigo shingoni. Alikuwa bado ana joto, lakini joto la jua.

Takwimu za taifa za 2022 zinasema vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 za utafiti wa 2015/16. Naziamini; nimeona kwa macho yangu kazi iliyofanyika. Leo nilimfunga mmoja kidevu kwa khanga yake.

Siku ya tisa, Jumanne

Taarifa ya kifo inatakiwa itoke ndani ya saa 24, imetoka. Kikao kilikaa chini ya mwembe, na mwenyekiti wa kijiji chao akaja. Kiliulizwa kila kitu: nani alijua, saa ngapi, nani alipiga simu, mtandao ulikuwepo. Nilichokipenda ni kwamba hakuna aliyetafutwa wa kubebeshwa lawama. Kondo la nyuma kulitoa kwa mkono ni kazi ya mkunga, na kama ikibidi ketamini kidogo. Ni dakika kumi. Kijiji chao hakina zahanati. Mwenyekiti aliandika hilo kwenye daftari lake kwa herufi kubwa, nikamwona anapigia mstari.

Siku ya kumi, Jumatano

Mwalimu wa shule ya msingi, miaka ishirini na tisa, alianguka akiwa darasani. Tumbo limejaa, macho meupe ndani, kipimo cha mimba kinasema ndiyo, wiki kama saba. Mimba nje ya kizazi, mrija umepasuka. Na jokofu letu linasema 0. Dada yake hakupatana naye kundi. Walimu wenzake walikuwa njiani kwa miguu.

Daktari akanitazama. "Dada, tumrudishie yake?"

Njia hiyo ni ya zamani na bado inaokoa. Damu iliyomwagika tumboni kutoka kwenye mrija ni safi ikiwa ya muda mfupi na utumbo haujaguswa. Jumamosi tusingeweza, maana kwenye mfuko uliopasuka damu imechanganyika na maji ya uzazi na uchafu mwingine. Leo inawezekana. Mtu wa maabara akaleta mifuko mitupu ya kuchangia, ile yenye dawa ya kuzuia kuganda. Nikampa ketamini, Daktari akafungua tundu dogo kwanza ili damu isikimbie, akaichota kwa bakuli dogo la chuma lililochemshwa, akaimimina kwenye gozi iliyokunjwa mara nane juu ya bakuli jingine, ikachujika mabonge yakabaki, ikaingia mfukoni, mfuko ukaja kwangu, nikautundika. Ilikuwa bado ya moto mkononi mwangu. Mifuko miwili iliyojaa na nusu. Huku anashona mrija mimi namtazama mwalimu vidole vyake vikirudi rangi, kwa damu yake mwenyewe.

Jioni walimu walifika, tisa. Kwa kuwa tayari wamekuja, walichangia. Mlangoni pa jokofu sasa pameandikwa 5.

Siku ya kumi na moja, Alhamisi

Nesi kijana aliyeshika tochi amekuja na fomu, anataka kusomea usingizi. Nilimwambia ukweli: mwaka mmoja, mbali na nyumbani, na ukirudi utakuwa wewe peke yako, hakuna wa kukushikia hata ukiugua. Akasema, "Ndiyo maana naomba mama. Tuwe wawili." Nimemwandikia barua ya kumtambulisha kurasa mbili. Sijawahi kuandika ndefu hivyo.

Ujumbe umeingia kilimani: mwenye nafasi, yule nesi wa likizo, amejifungua mjini, salama, mtoto wa kike, kilo tatu na robo.

Anayenipokea yuko kwenye boti iliyojificha upepo ghubani, atafika kesho usiku. Yangu inaondoka kesho alfajiri, na nyingine ni baada ya siku nne. Mjini nako zamu zina matundu. Saa kumi na nane hivi bila mtu. Nimempa Daktari sindano za ketamini nilizozijaza na kuzipima, zenye majina, na nimemwonyesha mkunga namna ya kuinua taya. Binti wa siku ya tatu ananyonyesha, mpira bado upo. Mama mkwe ameshika ahadi.

Siku ya kumi na mbili, Ijumaa

Nahodha ni yule yule. Safari hii deli ni tupu, ila alilipanga pale pale chini ya miguu yake.

Saa sita mchana kijiji kimoja kilitupungia shuka. Wakaja na mtumbwi, mama amelala ndani, mimba ya miezi minane, khanga tatu zimelowa. Haumwi tumbo, anavuja tu, damu nyekundu mbichi. Kondo la nyuma limeketi mlangoni mwa kizazi. Mtu wa namna hii hapimwi ndani kwa kidole. Kidole kimoja kinaweza kuyafungulia yote. Nikamlaza ubavu wa kushoto juu ya magodoro ya watu, nikamweka dripu, kijana akaishikilia.

"Turudi au twende mbele?" nahodha akauliza. Nyuma mwendo wa saa tano, mbele wa saa sita.

Nyuma kulikuwa na Daktari, na mimi ningeifungua thieta mwenyewe. Kulikuwa na chupa tano. Wa namna hii anaweza kuzimaliza kabla mtoto hajatoka, na baada ya hapo kila kitu kingesimama. Mbele kulikuwa na benki ya damu. Nilitazama khanga ya nne, ilikuwa inalowa polepole kuliko ya tatu.

"Mbele, mzee."

Alitupa majini kreti za soda za mtu, hakuomba ruhusa, na mwenye nazo akasaidia kutupa. Mtandao uliposhika nikapiga 115. Saa kumi na mbili jioni kasoro tuliona taa za gari zimeelekezwa majini kwenye mwalo wa Ujiji. Nahodha alishuka na machela pamoja nasi, suruali imelowa hadi kiunoni, akaingia kwenye gari bila kuambiwa, akasema yeye ni kundi O, alipimwa zamani jeshini.

Mwenzangu wa zamu alikuwa ameshavaa glavu, amesimama mlangoni mwa thieta. Nikamkabidhi: presha 94 kwa 60, mapigo 122, mtoto anacheza, amepata lita mbili za maji, hajapimwa ndani, hana mzio, alikula uji saa nne asubuhi, anataka kujua jina la anayemlaza.